Uigaji, Kicheko na Utani wa Upande Mmoja: Uhakiki wa Beni na Mganda kama Sanaa ya Maonyesho, kutoka Lamu hadi Ungoni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ngoma ya beni na tawi lake la mganda kama sanaa ya maonyesho inayounganisha muziki, uigaji na kicheko. Sanaa hiyo ina umri unaozidi karne moja, na bado inachezwa katika mkoa wa Ruvuma. Wachambuzi waliotangulia wamegawanyika katika kambi mbili: wapo wanaoiona beni kama mwigo wa wakoloni uliokosa ubunifu, na wapo wanaoiona kama kejeli dhidi yao. Makala yanadai kwamba kambi zote mbili zinakosea kwa sababu moja: zinamweka Mzungu mahali pa mtazamaji. Kwa kuitazama sanaa hii kutoka Maposeni, yaliyokuwa makao ya Nkosi Mputa Gama, inaonyeshwa kwamba uigaji wa mwenye nguvu ulikuwa desturi Ungoni kabla ya ukoloni, na kwamba kicheko cha mganda kinaeleweka vizuri zaidi kikisomwa kama utani, japokuwa utani wa upande mmoja.

1.0 Utangulizi

Mnamo tarehe 10 Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba Watanganyika wengi walijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za wazee wao. Hotuba hiyo imenukuliwa katika tasnifu nyingi kama chimbuko la sera ya utamaduni nchini. Inachosahaulika ni kwamba iliacha kundi moja la ngoma bila makao. Zipo ngoma ambazo si za Kizungu, kwa maana hakuna Mzungu aliyewahi kuzicheza, wala si za jadi kwa maana ya kurithiwa tangu kabla ya wageni. Beni ni mojawapo. Wachezaji wake walivaa kofia za maofisa, wakapiga saluti, wakapeana vyeo vya kingi, jenerali na daktari, na wakazipangia tarumbeta mapigo ambayo hakuna bendi ya kijeshi ya Ulaya ingeyatambua.

Tatizo la kihakiki linaanzia hapo. Je, sanaa inayoishi kwa kumwiga mtawala ihukumiwe kwa vigezo gani? Ikipimwa kwa uasilia, itashindwa papo hapo. Ikipimwa kwa upinzani wa kisiasa, mhakiki atalazimika kuitafutia maneno makali ambayo mara nyingi haina. Katika Ungoni swali hili lina uzito wa pekee. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na askari wa Kingoni waliopigana Vita vya Majimaji, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Kusema kwamba watoto na wajukuu wa watu hao walifurahia tu kuiga gwaride la wanyongaji ni kutoa hukumu nzito juu ya jamii nzima. Hukumu ya namna hiyo haifai kutolewa kabla ya maonyesho yenyewe kusomwa kwa makini.

Dai kuu la makala haya ni kwamba uigaji katika mganda haukulenga kumfikia aliyeigwa. Ulilenga kumshinda jirani. Aliyeigwa alikuwa malighafi, na mtazamaji alikuwa mwanakijiji mwenzake.

2.0 Kuiga Kabla ya Ukoloni

Wangoni wa Songea waliingia katika eneo hilo katikati ya karne ya 19, wakiwa tawi la mbali la misafara iliyoanzia kusini mwa Afrika. Walikuja na mfumo wa vikosi, ngao ndefu za ngozi na mkuki mfupi wa kuchomea. Idadi yao ilikuwa ndogo kuliko ya watu waliowashinda. Kazi za Gulliver, Ebner na Redmond zinaonyesha kwamba walio wengi katika dola za Njelu na Mshope walikuwa watu wa makabila ya kusini waliomezwa ndani ya vikosi na koo za washindi. Waliomezwa walijifunza kuvaa, kupigana, kujigamba na kucheza kama Wangoni, na baada ya kizazi kimoja au viwili wakawa Wangoni.

Uigaji huo haukwenda upande mmoja. Lugha ya Kinguni iliyokuja na washindi ilipotea Songea, na Kingoni kinachozungumzwa leo kiko karibu zaidi na lugha za wenyeji wa kusini mwa Tanzania. Kwa hiyo aliyeshindwa alichukua ngao, na aliyeshinda akachukua lugha. Nje ya mipaka ya Ungoni, jamii kadhaa ziliiga silaha na mbinu za Kingoni, na Wahehe ni mfano unaotajwa mara kwa mara katika historia ya Nyanda za Juu Kusini.

Kwa mhakiki wa beni, historia hii ina maana mbili. Kwanza, inabatilisha dhana kwamba kumwiga mwenye nguvu za kijeshi kulianza na kuduwaa mbele ya Mzungu. Askari wa Kijerumani alipofika Ungoni, aliwakuta watu ambao kwao mavazi ya vita na mwendo wa kikosi vilikuwa tayari lugha ya jukwaani, lugha ambayo mtu angeweza kujifunza na kuibadili. Pili, inaonyesha kwamba katika eneo hili kuiga kulikuwa njia ya kuingia katika mamlaka. Aliyeiga vizuri hakubaki mwigaji. Alibadilika kuwa kile alichoiga, au alikibadilisha kile alichoiga kiwe chake.

Maposeni yanaonyesha pia mahali ambapo njia hiyo ilifungwa. Padri Franziskus Leuthner wa misheni ya Peramiho alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa. Vita vilipozuka, misheni ilichomwa na padri huyo akauawa. Kunyongwa kwa viongozi mwaka 1906 kulikata uhusiano wa zamani kati ya kuiga nguvu na kuipata. Baada ya hapo, mtu wa Ungoni angeweza kuiga mwendo wa ofisa kwa ustadi wowote, lakini hakuna kikosi ambacho kingempokea kama ofisa. Uigaji ulibaki jukwaani, na hapo ndipo kicheko kinapopata nafasi.

3.0 Safari ya Beni

Historia ya jumla ya beni imeelezwa kwa kina na Terence Ranger (1975), na hapa inatosha kugusa mambo yanayohusu hoja. Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la bendi. Mjini Lamu na Mombasa kulikuwa na desturi ya kale ya mitaa kushindana kwa ngoma, mashairi, mavazi na karamu. Tarumbeta na gwaride viliingia ndani ya mashindano hayo kama silaha mpya katika ugomvi wa zamani. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi, na mshindani wa Kingi alikuwa Scotchi, wala si serikali.

Beni ilipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanyika katika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Kwa ujumla Marini ilijivunia ustaarabu wa pwani na iliwavuta makarani na watu wenye elimu, ilhali Arinoti iliwavuta zaidi watu wa bara na wafanyakazi wa kawaida. Vita Kuu ya Kwanza viliibeba sanaa hii mbali zaidi ya mipaka ya miji. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza kambini na katika vizuizi vya mateka. Ungoni ilipitiwa na majeshi yote mawili: vikosi vya Jenerali Northey viliingia Songea mwaka 1916, na mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita huko likielekea Rhodesia ya Kaskazini. Ndani ya miaka 12 tangu kunyongwa kwa Mputa, wenyeji walikuwa wameona gwaride la Mjerumani na la Mwingereza, na wameona pia mmoja akimkimbia mwingine.

Baada ya vita, njia ya pili ya usambazaji ilikuwa kazi za mkataba. Gulliver (1955) alichunguza uhamaji wa Wangoni na Wandendeule kwenda kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge, na makambi ya namna hiyo yaliwakutanisha vijana wa makabila mengi na mitindo yao ya ngoma. Upande wa kusini, beni ilifika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako jina lake liliingia katika taarifa ya tume iliyochunguza mgomo wa mwaka 1935. Huko ilizaa kalela, iliyofanywa maarufu na Clyde Mitchell (1956). Kandokando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda, ambayo kwa upande wa Malawi huitwa pia malipenga.

Mijini beni ilififia kadiri dansi ilivyoshika vijana. Vijijini mganda uliendelea. Hivyo sanaa iliyoanza kama fahari ya mji ikawa amali ya kijiji, na hatimaye ikaorodheshwa miongoni mwa ngoma za asili za mkoa wa Ruvuma pamoja na lizombe na kioda.

4.0 Sauti, Mwili na Cheo

4.1 Sauti

Kipengele kinachostahili kutangulia ni ala inayoutofautisha mganda na beni ya mjini. Beni ilitumia tarumbeta za shaba pale zilipopatikana. Mganda hauna tarumbeta. Una vibuyu. Kibuyu hutobolewa tundu dogo na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hapulizi kama mpiga tarumbeta bali huimba ndani ya kibuyu, na utando unatetemeka na kuifanya sauti yake ivume kama shaba. Kwa hiyo kinachosikika uwanjani ni sauti ya binadamu iliyojivika vazi la ala. Huu ni uigaji wa sauti kwa maana iliyo kamili: mtu anaigiza chombo ambacho chenyewe kiliundwa ili kupaza sauti ya amri.

Ni rahisi kuueleza ubunifu huu kwa umaskini, kwamba wanakijiji hawakumudu shaba. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Kibuyu huruhusu jambo ambalo tarumbeta hairuhusu: wimbo na ala hutoka katika kinywa kimoja, na mchezaji anaweza kuhama kutoka kuvuma hadi kuimba maneno bila kukatiza mapigo. Amri isiyo na maneno inageuka kuwa utenzi kuhusu jirani mchoyo, safari ya kazini au kundi pinzani lililokuja na viatu vichafu. Kichekesho kimo ndani ya mpito huo.

4.2 Mwili

Kwata la kijeshi linataka miili mingi ifanye jambo moja kwa wakati mmoja. Mganda unalipokea sharti hilo kikamilifu: mistari imenyooka, nguo nyeupe zimepigwa pasi, hatua zinalingana. A. M. Jones, aliyeandika kuhusu mganda mwaka 1945, aliushughulikia kama muziki wenye mpangilio wake wa mapigo, wala si kama mzaha wa watoto. Lakini juu ya msingi huo wa usawa huongezwa kinyume chake. Goti linakunjwa zaidi ya inavyohitajika, kiwiliwili kinainama mbele, mkono unacheleweshwa nusu ya pigo kabla ya kushuka. Mistari haivunjiki, ila ndani yake kila mchezaji ana uhuru mdogo ambao askari hana.

Uhuru huo mdogo ndio sanaa yenyewe. Mchezaji akiutumia kupita kiasi, mstari unaharibika na kundi linashindwa. Asipoutumia kabisa, anabaki askari wa kawaida na watazamaji wanachoka. Kipimo cha ubora hakiko katika kufanana na ofisa halisi, ambaye hakuna aliyepo uwanjani wa kumlinganisha naye. Kiko katika kuudhibiti umbali kati ya nidhamu na mbwembwe.

4.3 Cheo

Vyeo vya beni vilikuwa vingi na vilichanganya jeshi, mahakama, ikulu na hospitali. Kundi moja lingeweza kuwa na mfalme na daktari katika mstari mmoja. Mitchell alikuta mchanganyiko wa namna hiyo katika kalela, iliyokuwa na mfalme, daktari na muuguzi. Mchanganyiko huu unadhihirisha kwamba kilichoigwa hakikuwa taasisi moja. Kilikuwa wazo la cheo lenyewe. Katika utawala halisi, vyeo hivi vilitenganishwa na milango, mishahara na rangi ya ngozi. Katika ngoma vilikaa bega kwa bega, na aliyekuwa kingi jioni alirudi kulima asubuhi. Kicheko kinachotokana na hali hiyo hakimhitaji Mzungu awepo. Kinatokana na watazamaji kumfahamu kingi wao kwa jina, deni na ukoo.

5.0 Kicheko cha Nani?

Nadharia mbili hurejelewa mara kwa mara katika mijadala ya uigaji na kicheko. Ya kwanza ni ya Henri Bergson (1900), anayedai kwamba tunacheka pale kiumbe hai kinapoonekana kutenda kama mashine. Kwata ni mfano unaofaa sana, kwani ni jitihada ya makusudi ya kumfanya mtu awe mashine. Hata hivyo, mganda unakwenda kinyume na Bergson. Hauonyeshi uhai ukigandishwa. Unaonyesha mashine ikirudishiwa uhai, goti kwa goti, hadi amri inakuwa dansi. Watazamaji wanacheka kwa kufunguliwa, wala si kwa kumdharau aliyekakamaa.

Nadharia ya pili ni ya Homi Bhabha (1984), kwamba mwigaji wa mkoloni humtia mkoloni wasiwasi kwa kufanana naye karibu kabisa, lakini si sawasawa. Wasiwasi huo ulikuwepo. Maofisa wa Kiingereza walizichunguza beni baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakihofia njama. Filamu ya Jean Rouch ya mwaka 1955 kuhusu Hauka mjini Accra, ambao katika kupandwa na pepo waliigiza magavana na makapteni, iliwakera watazamaji wa pande zote mbili za ukoloni. Lakini nadharia ya Bhabha inaanza na macho ya mkoloni. Inaeleza kwa nini ofisa wa wilaya alikosa usingizi. Haielezi kwa nini vijana wa vijiji viwili walitembea mwendo mrefu kushindana mbele ya watu ambao hawakuwa na wasiwasi wowote.

Dhana inayotoka ndani ya jamii yenyewe inafaa zaidi, nayo ni utani. Masimulizi mengi ya makabila ya kusini yanaueleza utani kama zao la vita vya karne ya 19: waliopigana na kuzikana wakawa na haki ya kufanyiana mizaha, hata msibani, bila mtu kukasirika. Utani haukanushi kwamba damu ilimwagika. Unaikumbuka damu hiyo na kuipa mahali ambapo haiwezi kudai kisasi. Mtani huiga sauti ya mtani wake, mwendo wake na majivuno yake, na anayeigwa hulazimika kucheka au kulipa.

Mganda unaweza kusomwa kama jaribio la kumtia aliyeshinda vita vya 1905 hadi 1907 katika uhusiano huo. Alipigana, akaua, akatawala. Kwa desturi alipaswa kuwa mtani. Lakini utani ni mkataba wa pande mbili, na upande wa pili haukuwahi kuusaini. Ofisa hakujibu mzaha kwa mzaha. Alijibu kwa taarifa ya upelelezi. Ndiyo maana makala haya yanauita utani wa upande mmoja. Kwa kukosa mtani wa kujibu, kicheko kiligeuzwa kuelekea kundi pinzani, ambalo lingeweza kujibu na lilijibu. Ushindani wa Marini na Arinoti, au wa boma moja la mganda na jingine, ulijaza nafasi iliyoachwa wazi na mtawala.

6.0 Mipaka ya Hoja

Usomaji huu una vizingiti vyake. Kwanza, Ranger na Mitchell wanaonyesha kwamba vyeo na mavazi vilikuwa pia njia ya kutafuta hadhi, na wengi waliovalia suti walitaka kwa dhati kuonekana wastaarabu. Hoja ya utani haiwezi kuifuta tamaa hiyo. Inachoweza kusema ni kwamba tamaa na mzaha vilikaa katika vazi moja, na kwamba kundi lililovaa vizuri zaidi lilikuwa na haki kubwa zaidi ya kucheka.

Pili, mganda ulirithi kutoka jeshini ubaguzi wa jinsi. Mistari yake ni ya wanaume, na wanawake walijijengea jukwaa lao katika kioda. Sanaa iliyocheza na ngazi zote za mamlaka iliiacha ngazi hiyo bila kuigusa. Kasoro hii ni ya kisanaa pia, kwani inapunguza mawanda ya kile kinachoweza kuigwa na kuchekwa.

Tatu, utani hauondoi kodi. Hakuna ushahidi kwamba gwaride la vibuyu lilipunguza mzigo wa mtu yeyote aliyekwenda mkongeni. Wahakiki wanaotafuta mapinduzi katika kila kicheko hawatayapata hapa, na hawapaswi kuyatunga.

7.0 Hitimisho

Uigaji hutegemea kwa kawaida kumbukumbu ya anayeigwa. Kundi la Redykyulass nchini Kenya lilichekesha kwa sababu kila mtazamaji aliijua sauti ya Rais Moi. Steve Nyerere alipata jina lake la jukwaani kwa sababu Watanzania wanaitambua sauti ya Mwalimu hata wakiwa wamefumba macho. Kizazi kisichoijua sauti hiyo kikija, mzaha utahitaji maelezo, na mzaha unaohitaji maelezo umekwisha.

Mganda umevuka mpaka huo. Ofisa wa 1916 hakumbukwi na mtu, wala hakuna kijana wa Ruvuma anayelinganisha saluti yake na ya jeshi la Kaisari. Sanaa imedumu kuliko mfano wake. Hilo haliwezekani kwa mwigo mtupu, ambao hufa na kinachoigwa. Linawezekana tu ikiwa tangu mwanzo kilichowavuta watazamaji kilikuwa kitu kingine: ustadi wa kukaa kati ya mstari na mbwembwe, sauti ya mtu iliyovaa sauti ya shaba, na jirani wa kushindana naye.

Kwa msingi huo, mgawanyo wa ngoma za asili na ngoma za kuiga uliotawala sera na tasnifu tangu 1962 hauna budi kupitiwa upya. Katika nchi ambayo Wangoni wenyewe walipatikana kwa kuigana, kuiga kumekuwa mojawapo ya njia za kuwa wa asili. Swali linalofaa kuulizwa kuhusu ngoma kama mganda halihusu ilikotoka hatua yake. Linahusu nani anaitazama, nani anaihukumu, na nani ana haki ya kujibu.